Sekunde Kumi na Moja

Mimi sisemi. Mimi ni kidole
juu ya kitufe, nyuma ya kioo kilichoungwa kwa gundi,
nikichunga sauti ya Nsimire isimezwe
na jirani anayechomelea milango ya chuma.

Kila Alhamisi, saa moja na nusu ya jioni.
Kadutu wanatupata. Bagira wanatupata wakiinua antena.
Idjwi, hewa ikipenda.
Kwanza bei ya unga, na barabara iliyoziba,
na mabomba gani yamekauka, na tangu lini.
Kisha Wabiwa, aliyeshinda Nyawera akiuza sambaza,
anaingia na harufu ya mzigo wake na hadithi ya chura
aliyeikopesha mvua ngozi yake, akaidai hadi leo.
Kisha mwenye kitabu.

Wiki ile mwenye kitabu alikuwa Mugaruka,
mwalimu wa jiografia, tai imemkaba,
nakala sitini ndani ya mfuko wa simenti.
Nani angenunua? Bei ya moja ni maharage ya wiki.
Ndiyo maana tupo: kitabu kisichonunulika
kinaingia jikoni bure, kinakaa karibu na makala,
anakisikia anayetwanga sombe, anakisikia anayenyonyesha,
hata mlevi anayepita kichochoroni anaondoka na sentensi mbili.

Akasoma ukurasa wa mlima.
Usiku wa mvua ile, mteremko ulipoachia
na nyumba zikashuka zikipanda migongo ya nyumba.
"Mwanamke," akasoma, "alisimama matopeni,
beseni jekundu kichwani, akilia hadi kukapambazuka."
Alisoma vizuri. Nikapunguza besi kidogo.

Simu ya kwanza: mtu anasalimia shemeji zake, wote.
Simu ya pili: mwalimu, wewe ni wa chama gani?
Simu ya tatu haikuwa na salamu.
Zima redio yako kwanza, mama, nikamwambia.
Hakuzima.

"Naitwa Nankafu. Beseni lilikuwa la njano.
Lilikuwa na ufa, niliuziba kwa plastiki ya kuyeyusha.
Na sikulia. Nilikuwa nahesabu watoto.
Mmoja, wawili, wanne.
Nikarudia: mmoja, wawili, wanne.
Mvua umeiandika vizuri, mwalimu.
Mvua ilikuwa hivyo hivyo."

Nyuma yake redio yake, imechelewa hatua moja:
*wanne. hivyo hivyo.*

Sheria ya nyumba hii imebandikwa juu ya mashine:
kimya kikipita sekunde nne, weka muziki.
Mji huu haukiamini kimya cha redio.
Kimya ni waya uliokatwa.
Kimya ni watu getini, na mlinzi hakuwauliza jina.
Mtu akisikia kimya Panzi, anaamsha watoto, anavaa viatu.

Najua hayo. Nilikuwa na rumba tayari.
Tatu. Nne.
Nsimire akanitazama kupitia kioo.
Tano. Kwa Nankafu manyunyu yanapiga bati.
Saba. Mtoto anauliza chumvi iko wapi,
na mtoto mwingine anamjibu, pale pale ilipo.
Mugaruka analegeza tai, anatafuta kalamu,
mfuko wa shati, mfuko wa koti,
anaazima ya Nsimire.
Kumi na moja.

"Ufa ulikuwa upande gani, mama?"

"Upande wa mkono wangu wa..."

Yuniti zikamwishia.

Nyumbani mke wangu alikuwa macho, viatu miguuni.
Mashine ziliharibika?
Hapana, nikasema. Zilikuwa zinafanya kazi.
Akavua kimoja. Kingine akalala nacho.

Asubuhi mkurugenzi akafungua daftari la makosa:
*Hitilafu. Sekunde kumi na moja. Fundi asaini.*
Nikasaini.
Chini ya saini, kwa wino wake mwenyewe,
nikaongeza: beseni, njano.